Barua Iliyoshonewa Kitini

Watu walimwita Sponji, naye hakuchukia. Alikuwa fundi makochi. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuvua viti nguo kuukuu na kuvivisha mpya. Mkewe alishona vitambaa kwa cherehani. Yeye aligonga fremu, akakata sponji, akavuta kitambaa mpaka kikae bila mkunjo. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mlango wa mbele ulikuwa wa wateja. Mlango wa nyuma ulielekea chooni.

Mwaka huo mlango wa nyuma haukupumzika.

"Hii ni mara ya saba leo," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Huko chooni kuna nini? Umeficha mke wa pili?"

"Chai," alijibu Sponji. "Unaninywesha chai nyingi."

"Chai gani, baba watoto? Umekunywa kikombe kimoja, tena hukumaliza."

"Basi ni uzee."

Alikuwa na miaka sitini na moja. Mkojo ulimbana kila saa. Akifika chooni, ulitoka kidogo kidogo na kukatikakatika. Basi akapata akili yake mwenyewe: akaacha kunywa maji. Midomo ikamkauka, kichwa kikamuuma, na safari za chooni hazikupungua.

Mwishowe mkewe alizima cherehani. "Sikiliza. Ama uende hospitali kwa miguu yako, ama niende mimi nikawaeleze kila kitu. Na ninavyoeleza unanijua."

Alimjua. Akaenda.

Hospitali walimpima damu. Daktari alimpima pia kwa kidole, kwa njia ya haja kubwa. Sponji alikuwa amesikia habari za kipimo hicho, na alikiogopa kuliko msumeno. Kilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Wanaume wengi wanakikimbia mpaka leo, wakati hakuna aliyewahi kufa kwa kidole. Wiki iliyofuata walimchoma sindano na kutoa vipande vidogo vya nyama ya tezi ili vipimwe. Wakampiga na picha za ndani ya mwili. Yote hayo aliyafanya peke yake. Nyumbani alisema, "Ni tezi imevimba tu. Wazee wote wanayo."

Tezi kuvimba ni kweli, huwapata wazee wengi, na si saratani. Lakini yake ilikuwa na jambo la pili. Siku ya majibu daktari alimwambia, "Mzee, umekutwa na saratani ya tezi dume."

Daktari aliendelea kuzungumza. Alisema ugonjwa bado uko ndani ya tezi. Alisema unatibika. Alisema arudi Alhamisi pamoja na mkewe ili wapange matibabu. Sponji hakusikia hata moja. Baada ya neno saratani, masikio yake yalifunga duka. Alipewa bahasha yenye barua ya majibu, akaitia mfukoni, akarudi karakana.

Mezani kulikuwa na kiti cha mkono cha mteja, mwanamke jirani. Kilibaki kuvishwa kitambaa cha nyuma tu. Sponji alitaka kuisoma barua, lakini alimsikia mkewe akiingia kwa mlango wa mbele. Akaishindilia bahasha kati ya sponji na ubao wa mgongo wa kiti. Atakuja kuitoa baadaye, alijisemea. Hapo simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, dereva wa lori. Sponji alitoka akaenda nyuma ya choo, akamweleza kila kitu kwa kunong'ona.

"Kaka, usikubali kisu!" mdogo wake alifoka. "Hao wakikukata, wewe si mwanamume tena. Bora ufe mzima."

Walizungumza karibu saa nzima. Sponji aliporudi ndani, meza ilikuwa tupu.

"Kiti kiko wapi?"

"Nimekumalizia," mkewe alisema kwa furaha. "Nimeshona mgongo wote kwa mkono. Mwenyewe kapita, kakichukua. Mbona umebadilika rangi?"

"Njaa," alisema Sponji. Akakaa juu ya gunia la vipande vya sponji.

Siku mbili alikuwa kama mtu aliyemeza msumari. Alipanga kwenda kwa jirani kudai kwamba amesahau pini ndani ya kiti. Alifika mpaka getini kwake, akageuka. Kuhusu Alhamisi, hakuwa na mpango wa kwenda popote.

Jumatano mchana mkewe alitoka kununua nyuzi. Punde jirani mwenye kiti akaingia. Alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji, na mtaa mzima ulimwita Sista.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Sista. Kiti kizuri?"

"Kizuri. Ila kila nikikiegemea kinatoa mlio wa karatasi." Akafungua mkoba, akaweka bahasha juu ya meza. "Nimefumua mshono wa nyuma. Nimeona jina lako juu. Ndani sijasoma, barua si yangu. Lakini bahasha za kliniki hii nazijua."

Sponji aliitazama bahasha. Alikuwa na nyundo mkononi, na hakujua aiweke wapi.

"Sista," alisema, "mimi nakufa."

"Nani kasema?"

"Saratani ya tezi dume."

"Daktari alisema imetoka nje ya tezi?"

"Sijui alisema nini. Soma."

Sista alisoma taratibu. Alirudia mstari mmoja mara mbili, kisha akakunja karatasi. "Hapa hapajaandikwa kifo, fundi. Pameandikwa kwamba ugonjwa uko ndani ya tezi, haujasambaa. Wanaume wengi wakigundulika hapa wanapona. Na pameandikwa miadi. Kesho, saa tatu asubuhi."

"Kesho siendi."

"Kwa nini?"

Sponji alivuta kiti, akakaa mbele yake. Hapo alianza kueleza kwa kujiamini, maana aliingia kwenye mambo ya kazi yake. "Sista, wewe unajua wagonjwa, mimi najua makochi. Mwaka fulani niliwahi kuletewa kochi lenye kunguni. Sikujua. Nikachana kitambaa hapa hapa. Weee! Kunguni walihamia kwenye viti vya wateja wote. Walifika mpaka kitandani kwangu. Wangebaki kwenye kochi lao kama nisingechana. Na saratani ni hivyohivyo. Ukiipasua, umeifungulia njia. Bora uiache imelala."

Sista alicheka, kisha akajizuia. "Pole kwa kunguni. Lakini hapo umekosea, fundi. Kunguni wana miguu. Saratani haikimbii kwa kuona kisu wala kwa kupigwa na upepo. Watu wanasema hivyo kwa sababu zamani wengi walikuja hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Wakipasuliwa na kufa, kisu ndicho kinachobebeshwa lawama. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kuiacha. Daktari haichanichani. Anaitoa tezi yote nzima, na vifuko vya shahawa vilivyoshikana nayo."

Sponji aliweka nyundo chini. Hoja yake kubwa ilikuwa imekwisha, na aliyebaki ni yeye mwenyewe.

"Kuna lingine," alisema akitazama sakafu. "Mdogo wangu anasema nikikatwa... mambo ya ndani ndiyo basi."

"Hilo sitakudanganya," alisema Sista. "Nguvu za kiume zinaweza kupungua. Kwa wengine zinarudi baada ya miezi, au mwaka na zaidi. Kwa wengine hazirudi zote, na kuna dawa na misaada. Mkojo pia utavuja kwa muda. Inategemea umri na ugonjwa ulipo. Upasuaji wenyewe si njia pekee. Kuna tiba ya mionzi, na kuna wagonjwa ambao daktari huwafuatilia tu kwa vipimo. Haya yote ndiyo ya kumuuliza kesho. Mkeo anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui!"

"Usimwambie, Sista."

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Sitafungua mdomo." Sista alisimama, akaweka mkoba begani. "Ila mshono wa kiti changu niliufumua. Leo jioni nakileta kishonwe upya, na mshono ule ni wa mkono wa mkeo. Atauliza nani kaufumua na kwa nini. Mimi nitamwambia amuulize mumewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe utaumbuliwa na kiti."

Akaondoka. Sponji alimtukana kimoyomoyo. Baadaye alimshukuru, lakini hiyo ilikuwa baadaye sana.

Mkewe aliporudi na nyuzi, alimkuta amefunga mlango wa mbele mchana kweupe.

"Kuna msiba?"

"Kaa, mama watoto."

Alimwambia. Hakujua pa kuanzia, kwa hiyo alianzia katikati. Alisema saratani, halafu kiti, halafu sindano, halafu kunguni, halafu mdogo wake. Mkewe alisikiliza nyuzi zikiwa bado mapajani. Alipomaliza, mkewe aliuliza jambo moja tu.

"Mimi ndiye niliyeishona ile barua ndani? Kwa mkono wangu huu?"

"Hukujua."

"Ningejuaje! Ulikwenda kuchomwa sindano peke yako, ukaja hapa ukaniambia ni njaa!" Alilia. Alilia kwa hasira kwanza, halafu kwa hofu. "Miaka thelathini na mbili tunakula sahani moja. Leo umeona wa kumwambia ni dereva wa lori?"

"Naogopa," alisema Sponji. "Naogopa kufa. Na naogopa nikipona utaniona si mume."

Mkewe alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha kochi. "Kumbe ulidhani niliolewa nawe kwa hilo tu? Mbona basi ningeshakuacha tangu mgongo ulipoanza kukuuma." Akacheka huku machozi yakimtoka. Sponji naye akacheka, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho. "Kesho saa tatu tutakuwa pale. Tena saa mbili na nusu."

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana aliyeweza kuwa mtoto wao. Aliwaamkia, akawachorea tezi dume kwenye karatasi. "Ni hii hapa, mzee. Iko chini ya kibofu, njia ya mkojo inapita katikati yake. Ndiyo maana ikivimba, mkojo unabanwa." Aliwaeleza upasuaji na mionzi, faida na madhara ya kila njia. Hakuwaharakisha. Mkewe aliandika maswali nyuma ya karatasi ya vipimo vya mito ya makochi, akayauliza yote. Mwishowe Sponji mwenyewe alisema, "Nitoeni hiyo tezi." Upasuaji ulipangwa baada ya wiki nne.

"Vizuri," alisema daktari. "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

"Eti hakuna!" mkewe alidakia. "Na vile vya mgongo?"

"Vile si dawa. Vile ni vya dukani."

"Vipi hivyo?" daktari aliuliza.

Vilikuwa vidonge vya aspirini. Sponji alivimeza kila asubuhi kabla ya kuinama kwenye makochi, mwaka wa sita sasa. Alivinunua mahali anaponunua sabuni, basi akavihesabu pamoja na sabuni.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, umefanya kazi kubwa. Aspirini inazuia damu isigande haraka. Mzee angefika kwenye kisu na vidonge hivyo mwilini, angeweza kutokwa na damu nyingi. Mgonjwa anapaswa kututajia kila anachomeza: cha hospitali, cha dukani, mizizi, majani, hata cha kuongeza nguvu. Sisi ndio tutasema kipi aache na lini. Mwingine anapewa aspirini kwa ajili ya moyo, huyo asiache kwa kujiamulia. Wewe ya mgongo utaacha wiki moja kabla. Nitakuandikia nyingine."

Sponji alimtazama mkewe. Kama angekuja peke yake, neno lingebaki lile lile: hakuna.

Wiki nne hizo hazikuwa za kukaa kusubiri. Daktari alimwagiza aache sigara, kwa sababu mapafu ya mvutaji hupata shida na dawa ya usingizi na kidonda huchelewa kupona. Aliziacha, akawa mkali kama pilipili kwa siku kumi. Aliagizwa atembee nusu saa kila siku, anywe maji kama kawaida, na afanye mazoezi ya misuli inayozuia mkojo. Zoezi lenyewe ni rahisi. Unakaza kama mtu anayezuia upepo mbele za wakwe, unahesabu mpaka tano, unaachia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Halifanywi wakati wa kukojoa.

Mkewe alimsimamia kutoka kwenye cherehani. "Unakaza?"

"Nakaza."

"Sikuoni ukikaza."

"Unataka uone nini, mwanamke?"

Wateja walidhani wanazungumzia kitambaa.

Mdogo wake alikuja na lori lake, amekunja uso. Alianza tena habari ya kufa mzima. Shemeji yake alimkatisha. "Shemeji, kaburini hakuna mzima. Hospitali wanataka ndugu wachangie damu. Unatoa au hutoi?" Alinywea, akatoa. Alipokuwa pale, walimweleza kwamba kaka akiwa na saratani hii, mdogo wake naye yuko kwenye hatari zaidi ya watu wengine. Alipimwa wiki hiyohiyo. Alikutwa salama, akaambiwa arudi mwaka unaofuata. Tangu siku hiyo hakumshauri tena mtu yeyote kuhusu kisu.

Siku ya upasuaji Sponji hakula tangu usiku wa manane, kama alivyoagizwa. Alivishwa gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Aligeuza shingo kulitazama. "Fundi wa hili hakumaliza kazi," alimwambia mkewe. Mkewe hakucheka. Alimshika mkono mpaka kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuvuka, akaachia. Kwa muda wa saa nne alikaa kwenye benchi bila kushona kitu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo na mfuko wake, akakaa nao siku kumi na nne. Sista alipita kila jioni kutazama kidonda na kuwafundisha jinsi ya kuusafisha mpira. Ulipotolewa, mkojo ulivuja. Akikohoa unavuja, akiinuka unavuja. Aliambiwa mapema, lakini kuambiwa si sawa na kulowa. Wiki nzima hakutoka nje. Alivaa pedi, akanuna, akakaza misuli yake mara kumi, tena na tena. Mwezi wa pili pedi zilipungua. Mwezi wa tatu alitumia moja kwa siku, tena ya tahadhari. Mambo ya chumbani yalichelewa zaidi. Daktari alimpa dawa na kumwambia awe na subira. Mkewe alikuwa nayo ya kutosha.

Siku ya majibu ya damu walirudi kliniki pamoja. Daktari aliwasomea. "Kipimo kiko chini kabisa, mzee. Hatuoni dalili ya saratani. Tutaendelea kukupima kila baada ya miezi mitatu, halafu miezi sita. Usikose."

"Sikosi," alisema Sponji. 

Nje ya chumba cha daktari kulikuwa na benchi refu limejaa wanaume. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Sponji alisimama katikati yao. Hakuwa amepanga kusema kitu.

"Jamani," alisema, "mimi nilikuwa na saratani ya tezi dume. Nimepasuliwa. Imeondoka."

 Kisha mwanamume mmoja mwenye sare ya ulinzi aliinua kichwa. Alimtazama Sponji kwa muda mrefu.

"Kaka, niambie kweli," aliuliza kwa sauti ya chini, lakini benchi zima lilisikia. "Baada ya hapo, bado wewe ni mwanamume?"

Sponji alifungua mdomo. Mkewe alimtangulia.

"Mume wangu ndiye huyu hapa," alisema, akasogeza mkoba wake na kujibanza karibu na mlinzi yule. "Uliza swali lingine."